Neno Lililotoka Mimbarini Likarudi na Bunduki

Leo nataka tukae kidogo kwenye historia, kwa maana Mungu hutufundisha pia kwa yaliyowapata wengine. Soma Yakobo 3, pale mtume anapoonyesha jinsi moto mdogo unavyoteketeza msitu mkubwa, kisha twende pamoja hadi Marekani, jimbo la Missouri, mwaka 1838.

Wakati huo Missouri ilikuwa kwenye mpaka wa magharibi wa Marekani. Huko ndiko walikohamia Wamormoni, wafuasi wa Joseph Smith, aliyeanzisha kanisa lake New York mwaka 1830. Mafundisho yao na yetu hayafanani, na wengi wenu mnajua hivyo. Lakini somo la leo si mafundisho yao. Somo ni majirani waliokuwa na Biblia pande zote mbili, na jinsi walivyofika mahali pa kumwaga damu.

Mwaka 1831 Smith alitangaza kwamba Sayuni itajengwa Independence, katika kaunti ya Jackson. Wafuasi wake wakamiminika huko, na wenyeji wakaingiwa na hofu. Wageni hawa walipiga kura kwa pamoja. Walifanya biashara wao kwa wao. Wengi walitoka majimbo ya kaskazini, na Missouri ilikuwa jimbo la wenye watumwa. Tena baadhi yao walisema waziwazi kwamba Mungu amewapa nchi ile iwe urithi wao. Hebu jiulize mpendwa, wewe ungejisikiaje mgeni akikuambia shamba lako ni urithi wake?

Lakini hofu ya wenyeji iligeuka uovu. Julai 1833 walivunja mtambo wa kuchapa wa Wamormoni, wakamkamata askofu wao Edward Partridge na kumpaka lami na manyoya hadharani. Kufikia Novemba waliwafukuza wote, zaidi ya watu 1,000, wakavuka mto Missouri kwenye baridi. Mashamba yao hawakurudishiwa. Wakapokelewa kaunti ya Clay, lakini mwaka 1836 wakaambiwa waondoke huko pia. Ndipo bunge la jimbo likawatengea kaunti mpya, Caldwell, na mji wao mkuu ukawa Far West.

Hapo ndipo mimbari inapoingia katika habari hii.

Mhubiri wao mkubwa alikuwa Sidney Rigdon, mtu mwenye ulimi wa moto. Naye alikuwa na kovu. Mwaka 1832 huko Ohio, genge lilimtoa nyumbani usiku, likamburuta kichwa kikigonga ardhi iliyoganda, likampaka lami. Juni 1838 Rigdon alisimama Far West akahubiri kutoka Mathayo 5:13, juu ya chumvi iliyoharibika. Akasema waliolikosoa kanisa ni chumvi ya namna hiyo, wanastahili kukanyagwa. Siku chache baadaye watu zaidi ya 80 walitia sahihi barua ya kuwaamuru wakosoaji hao waondoke. Wakakimbia na jamaa zao. Angalia vizuri: waliofukuzwa jana, leo wanafukuza.

Tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, Rigdon alisimama tena. Alisema hawataanza vita na mtu. Lakini akaongeza kwamba genge likiwajia tena, itakuwa vita vya kuangamizana. Watu walishangilia. Hotuba ikachapishwa na kusambazwa, na majirani wakaisoma. Unadhani walisoma nini? Hawakukumbuka sehemu ya kutoanza vita. Walikumbuka neno moja: kuangamiza.

Mwezi mmoja tu ukapita. Tarehe 6 Agosti ilikuwa siku ya kupiga kura mjini Gallatin, kaunti ya Daviess. Mgombea mmoja, William Peniston, aliwahutubia watu akiwatukana Wamormoni na kusema wasiruhusiwe kupiga kura. Fimbo zikaanza kurushwa. Hakuna aliyekufa siku ile. Lakini habari zilizofika Far West zilisema ndugu zao wameuawa, na maiti zao zimenyimwa mazishi. Ulikuwa uongo mtupu. Hata hivyo wanaume wenye silaha walikuwa wameshapanda farasi, Smith mwenyewe akiwa pamoja nao. Kabla hawajarudi, walikuwa wameizunguka nyumba ya hakimu mmoja na kumshinikiza atie sahihi ahadi ya kutowadhuru.

Baada ya hapo moto haukuzimika. Mapema Oktoba, Wamormoni wa De Witt walizingirwa na njaa ikawauma mpaka wakauacha mji. Wiki moja baadaye Wamormoni nao waliingia Gallatin, wakapora na kuchoma nyumba. Tarehe 25 Oktoba walipambana na wanamgambo wa jimbo kwenye mto Crooked, na watu wachache wakafa pande zote mbili. Gavana Lilburn Boggs akaletewa habari zilizotiwa chumvi kupita kiasi. Tarehe 27 akatoa amri: Wamormoni wahesabiwe kuwa maadui, nao waangamizwe au wafukuzwe katika jimbo.

Umeliona neno lile? Lilitoka mimbarini Julai likiwa onyo. Kabla ya miezi minne kwisha, lilirudi likiwa amri ya serikali.

Tarehe 30 Oktoba, watu wapatao 240 wenye bunduki walivamia kijiji cha Haun's Mill. Waliua Wamormoni 17. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka 10, Sardius Smith, aliyejificha chini ya mivukuto katika karakana ya mhunzi. Wengi wa waliouawa walitupwa ndani ya kisima ambacho hakijamalizwa kuchimbwa, kwa sababu waliobaki hawakuwa na nguvu wala muda wa kuwazika. Mtoto yule hakutoa hotuba yoyote. Hakumchukia mtu. Lakini maneno ya wakubwa yalimfikia.

Siku ile ile na iliyofuata Far West ilizungukwa, na Smith akakamatwa. Jenerali Samuel Lucas akaamuru yeye na wenzake wapigwe risasi asubuhi, katikati ya mji. Amri ilimwangukia Alexander Doniphan, mwanasheria na kiongozi wa wanamgambo, ambaye hakuwa Mmormoni. Doniphan alikataa. Alijibu kwamba huo ni uuaji, na kwamba Lucas akiendelea atajibu mbele ya sheria. Hakuna aliyepigwa risasi asubuhi ile.

Maelfu ya Wamormoni walitoka Missouri katika majira ya baridi, wakavuka mto Mississippi hadi Quincy, Illinois. Februari 1839 wananchi wa Quincy walikutana kujadili la kufanya. Waliamua kuwatafutia makao na kazi. Kisha wakaongeza jambo ambalo hunigusa sana: walishauriana kila mmoja awe mwangalifu anapozungumza na wageni hao, asitamke neno la kuwaumiza moyo. Walijua mtu aliyefukuzwa anahitaji mkate, na pia anahitaji kusemeshwa vizuri.

Lakini si kila kidonda kilipona. Kijana mmoja aliyepigana Gallatin siku ile ya kura aliitwa John D. Lee. Tarehe 11 Septemba 1857, huko Mountain Meadows, Utah, alikuwa miongoni mwa viongozi wa Wamormoni waliowatoa wasafiri kwa bendera nyeupe, wakiwaahidi usalama, kisha wakawaua watu wapatao 120. Waliwaacha hai watoto wadogo 17 tu. Lee peke yake ndiye aliyehukumiwa, akauawa mwaka 1877. Na amri ya Boggs? Haikufutwa rasmi mpaka mwaka 1976.

Wapendwa, tubebe mambo matatu.

Kwanza, jeraha lipelekwe kwa Mungu kabla halijapelekwa mimbarini. Rigdon aliumizwa kweli. Lakini kidonda kinapohubiri, kanisa hushangilia na jirani hunoa panga.

Pili, usieneze habari ambayo hujaihakikisha. Maiti za Gallatin hazikuwapo, lakini farasi walitandikwa. Leo hatuhitaji farasi. Simu iliyo mkononi mwako inatosha, na sisi Wakenya tunajua msimu wa kura unavyoweza kuwa.

Tatu, uwe Doniphan wa mahali ulipo. Unaweza kukataa mafundisho ya mtu na bado ukakataa damu yake isimwagwe.

Tuombe: Bwana, weka mlinzi mlangoni pa vinywa vyetu, wachungaji na washirika. Utuponye tusije tukawapa wengine uchungu tuliopewa sisi. Katika jina la Yesu, Amina.

Ukiwa na jirani ambaye mmerushiana maneno, leo mtafute. Barikiwa.