Kamera na Polisi katika Mitaa ya Kampala
Ibara ya 29 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilimhakikishia kila mtu uhuru wa kujieleza, bali haikumtaja raia anayempiga picha askari aliye kazini, na mpaka wa haki hiyo ukabaki kugombaniwa barabarani. Tarehe 28 Aprili 2011, wakati wa maandamano ya kwenda kazini kwa miguu, yaliyopinga kupanda kwa bei, kamera zilimnasa askari aliyevaa kiraia akivunja kioo cha gari la kiongozi wa upinzani Kizza Besigye kwa kitako cha bastola, kisha Besigye akapuliziwa dawa ya pilipili machoni; bila picha hizo, ukatili ule ungekanushwa kwa urahisi. Januari 2015 Andrew Lwanga, mpiga picha wa televisheni ya WBS, alipigwa na mkuu wa polisi wa Old Kampala, ambaye alitiwa hatiani mwaka 2017. Hata hivyo, marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yalifanya kumrekodi mtu mwingine sauti au video bila idhini kuwa kosa la jinai, pasipo kumtofautisha mtu faraghani na askari mwenye rungu hadharani, jambo lililomweka shahidi mahali pa mshtakiwa.