Karata ya peke yako

Mvua ya Tukuyu haina haraka ya kukatika. Juzi nilijibanza kwenye steshenari moja karibu na stendi, nikamkuta binti wa dukani akicheza karata kwenye kompyuta, peke yake.

"Safu ni saba, baba. Unapanga kwa kushuka, nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu. Ukipata ree, unaipandisha kule juu."

Ree, yaani karata ya moja! Nilifurahi mno kulisikia neno hilo. Hata rangi alizitaja bila kusita: kopa na uru nyekundu, shupaza na pau nyeusi. Maneno haya, pamoja na karata yenyewe, tuliyapata kwa Wareno. Kwao kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, pau ni marungu. Kwenye kioo cha kompyuta kopa imechorwa moyo, lakini ulimi wetu bado umeshika kikombe.

Mchezo wenyewe wengi huuita solitea. Mimi naomba tuuite karata ya peke yako. Binti alilikubali jina hilo, akabofya ree ya shupaza, ikapanda.