Mwarobaini wa Nyanya na Mizani ya Ibn Sina



Kama umelelewa Ramisi, au Msambweni, au popote huku Kwale, nina hakika ushawahi kubanwa pua ukanyweshwa maji ya mwarobaini. Mimi nimeyanywa mpaka nikalijua bakuli la nyanya kwa harufu. Lakini je, ushawahi kuuliza ni nani aliyeyapima majani haya, na akaona yanatibu nini, kwa kiasi gani? Mimi sikuuliza mpaka mdogo wangu aliposhikwa na homa. Alinyweshwa siku tatu. Jioni ya tatu akaanza kuweweseka, tukamkimbiza hospitali kwa pikipiki, akakutwa na malaria kali. Alhamdulillah, alipona. Nyanya alibaki na swali moja tu: "Kwani safari hii nilitia machache?" Sikuwa na jibu, na mie ndiye msomi wa nyumba ati!

Kwanza tuujue mti wenyewe. Wengi wetu twadhani ni wa kwetu tangu jadi. La. Asili yake ni Bara Hindi na Burma, na uliletwa pwani na Wahindi karne ya 19 ikielekea mwisho. Jina ndilo letu, kwamba watibu maradhi arobaini. (Nilijaribu kuyahesabu na nyanya, tukafika kumi na saba, akanikasirikia.)

Huko Delhi alikuwako tabibu mashuhuri, Hakim Ajmal Khan, ambaye hakuridhika na kurithi dawa tu. Alitaka zichunguzwe kwa kemia. Alifariki mwaka 1927. Kazi ikafanywa na kijana Salimuzzaman Siddiqui, aliyesoma Aligarh kisha Ujerumani. Mwaka 1931 alitoa kiini katika mizizi ya mti mwingine wa dawa, akakiita ajmaline kwa kumheshimu hakim wake. Mwaka 1942 akatangaza vitu vitatu vichungu alivyovitoa katika mafuta ya mwarobaini, kimojawapo nimbin. Kwa hivyo uchungu ule unaotufanya tukimbie bakuli ulishapewa jina na Muislamu mwenzetu zamani.

Na wala si jambo geni katika umma huu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake cha Qanun masharti ya kuijaribu dawa. Ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja, si magonjwa yaliyochanganyika. Utazamwe muda inapofanya kazi. Matokeo yajirudie, la sivyo ilikuwa bahati tu. Tena ijaribiwe kwa mwanadamu, maana inavyofanya kwa simba au farasi sivyo lazima ifanye kwa mtu.

Sasa turudi nyumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuja Msambweni, wakakaa na waganga wetu wa miti shamba, wakaandika mimea inayotumiwa kutibu malaria. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2010, na mwarobaini umo. Kisha mimea ikaingia maabara. Kazi ya namna hii huenda hivi: mmea hukaushwa, husagwa, hulowekwa kwenye maji au spiriti, huchujwa, na kinachobaki hupimwa kwa mizani. Hapo huletwa uduvi wadogo wa maji ya chumvi, kwa kawaida kumi kumi kwa kila kichupa, wakatiliwa dawa kwa vipimo tofauti. Baada ya saa 24 huhesabiwa waliokufa. Ndiyo, uduvi! Kipimo kinachoua nusu yao ndicho kinachoonyesha ukali wa dawa. Baadhi ya mimea ya Msambweni ilionekana kali kwa uduvi, mingine haikuwa na neno. Wakaendelea kwa panya walioambukizwa malaria.

Uduvi si binadamu, na panya pia si binadamu. Mwaka 1985 watafiti wa Thailand waliandika kuwa nimbolide, kitu kilichomo ndani ya mwarobaini, huzuia vimelea vya malaria vikiwa vinafugwa maabara. Hilo halimaanishi kuwa bakuli la nyanya linatosha kumponya mtoto. Na mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza watoto wachanga waliodhurika kwa kunyweshwa mafuta ya mwarobaini. Mti ni uleule mmoja.

Liko jani lililopita mitihani yote mpaka mwisho. Tu Youyou wa China alikuwa akichemsha mmea wa qinghao, matokeo yakawa leo ndiyo, kesho siyo. Akasoma kitabu cha tabibu wa Kichina wa karne ya 4, Ge Hong, kinachosema ulowekwe majini kisha ukamuliwe, akafahamu kuwa moto ndio unaoiharibu dawa. Mwaka 1971 akaitoa bila moto mkali, akaijaribu kwa panya na nyani, na mwaka 1972 akainywa yeye mwenyewe kabla ya wagonjwa. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Artesunate, sindano aliyodungwa mdogo wangu, imetokana na jani hilo.

Nilimsimulia nyanya haya juzi tukingoja adhana ya Magharibi. Alinyamaza kitambo, akaitazama sufuria yake pale jikoni, kisha akaniuliza, "Sasa wewe mjukuu wangu, huu wangu nao ni nani ataupima bila moto?"