Plastiki Iliyopitisha Umeme

Kata kipande cha waya wa umeme, utaona shaba ndani na plastiki nje. Shaba huupitisha umeme. Plastiki huuzuia usimdhuru mwenye kuushika. Kwa miaka mingi watu waliamini ya kuwa kazi ya plastiki ni hiyo tu.

Hata hivyo dalili za jambo jingine zilikuwapo zamani. Mwaka 1862 huko London, Henry Letheby alipitisha umeme katika anilini iliyotiwa asidi ya salfa, akaona utando wa rangi nzito ukiganda juu ya platinamu. Miaka mitano kabla yake, katika mji huo huo, Michael Faraday alikuwa ameeleza jinsi dhahabu iliyogawanywa chembe ndogo mno inavyoyafanya maji kuwa mekundu kama yakuti. Hakuna aliyefikiri kuviunganisha vitu hivi viwili.

Sasa twende Tokyo. Mwaka 1967 Hideki Shirakawa alikuwa akichunguza jinsi molekuli za asetilini, ile gesi wanayoitumia mafundi wa kuchomelea vyuma, zinavyoshikamana hata zikawa mnyororo mrefu. Kwa kawaida kazi hiyo ilitoa unga mweusi. Siku moja mtafiti mgeni aliyefanya kazi naye akatia kichocheo kingi mara elfu kuliko kipimo. Unga haukutokea, ulitokea utando uliong'aa kama fedha. Wengi wangaliumwaga na kuosha chupa. Shirakawa alitafuta kwanza kosa lilikuwa wapi, kisha akajifunza kulirudia kwa makusudi.

Utando ule uling'aa kama madini, lakini haukupitisha umeme vema. Mwaka 1975 Alan MacDiarmid, mzaliwa wa New Zealand aliyefundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alizuru Tokyo akaonyeshwa. Akamwalika Shirakawa Marekani. Huko, pamoja na mwanafizikia Alan Heeger, waliutia utando katika mvuke wa iodini, na mwaka 1977 wakatangaza ya kuwa uwezo wake wa kupitisha umeme ulipanda mara mamilioni.

Sababu yake ni nini? Wafikirie watu waliobanana juu ya benchi: asipoondoka mmoja, hakuna awezaye kusogea. Iodini huziondoa baadhi ya elektroni katika mnyororo, na zilizobaki hupata nafasi ya kuhama.

Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Yule mgeni hakuwamo, nami sioni ajabu: yeye alikosea kipimo, mwenziwe ndiye aliyeuliza. Lakini bila yeye lisingalikuwapo la kuulizwa.

Utando wa Letheby nao, ambao leo huitwa polianilini, ulithibitika kupitisha umeme ukitiwa asidi. Ndipo ulipokutana na dhahabu ya Faraday. Chumvi ya dhahabu ikimiminwa katika anilini, huzinyang'anya molekuli zake elektroni. Anilini hushikamana ikawa mnyororo, na dhahabu hurudi kuwa madini, katika chembe za nanomita chache tu. Nanomita ni mita iliyogawanywa mara 1,000,000,000. Chembe hizo zikiachwa peke yake hupenda kugandamana, mnyororo huzitenga. Chini ya darubini ya elektroni, ambayo Faraday hakuwa nayo, huonekana kama madoa meusi yaliyotapakaa katika utando hafifu.