Jumuiya ya Kumbukumbu ya Bonde la Pocumtuck

Jumuiya ya Kumbukumbu ya Bonde la Pocumtuck ni chama cha historia ya mahali kilichoanzishwa mwaka 1870 katika mji mdogo wa Deerfield, Massachusetts, Marekani. Mwanzilishi wake, George Sheldon, alikuwa mkulima na mwanahistoria aliyejisomea mwenyewe. Yeye na wenyeji wenzake walikusanya hati, samani na vyombo vya nyumbani kutoka kwa familia za bonde hilo, wakavifungulia makumbusho mwaka 1880 katika jengo lililokuwa shule.

Kitu mashuhuri zaidi katika makumbusho hayo ni mlango wa mbao nene uliosheheni misumari. Tundu lililo katikati yake lilichimbwa kwa mashoka tarehe 29 Februari 1704, Wafaransa na washirika wao Wenyeji wa Amerika waliposhambulia mji na kuteka watu 112. Nyumba yenye mlango huo ilibomolewa mwaka 1848, baada ya wakazi kujaribu kuinusuru bila mafanikio. Mlango ulibaki, ukauzwa Boston, kisha ukarejeshwa Deerfield mwaka 1868.

Sheldon aliandika pia historia ya mji, iliyochapishwa miaka ya 1895–1896. Mkusanyiko wa awali uliegemea mno upande wa walowezi, ingawa bonde lilikuwa la Wapocumtuck, Wenyeji wa Amerika, kabla yao.