Mto Usiofika Baharini

Reli ya Mpanda haikujengwa kwa ajili yetu abiria. Tawi lake kutoka Kaliua lilifunguliwa mwaka 1950 kwa sababu ya risasi, yale madini yenyewe, yaliyochimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Madini yalikwisha kusafiri kuelekea bandarini. Marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kusaga mawe, hayakukatiwa tiketi.

Huko mwisho wa reli, Dar es Salaam, kuna Mto Msimbazi unaoingia Bahari ya Hindi katikati ya jiji. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamepima metali zenye sumu kwenye mto ule, na hawakuishia kuchota maji. Walichota na tope. Maji ni msafiri: ukiyapima asubuhi unapata habari za asubuhi hiyo tu, na mvua kubwa ikipita yanaweza kuonekana hayana neno. Tope linakaa. Risasi na zebaki hunata kwenye chembe zake, tabaka juu ya tabaka, miaka hadi miaka. Mwanahistoria angeliita nyaraka.

Sasa rudi Katavi. Mto Katuma unapita Hifadhi ya Taifa ya Katavi, penye viboko na mamba, na maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Msimbazi una bahari inayopwa na kujaa. Rukwa haina mlango wa kutokea. Maji yake huondolewa na jua, na jua halibebi risasi.

Juu ya historia hiyo, wachimbaji wadogo wa dhahabu wameongeza ukurasa wao. Zebaki hunasa chembe za dhahabu, kisha huchomwa. Nyingine huishia kwenye marudio. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mkataba uliopewa jina la mji wa Japani ambako, mwaka 1956, ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki ulitambuliwa rasmi.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Huioni, huionji, ila ubongo wa mtoto huihisi. Basi siku wapimaji wakija na chupa zao, tuwaombe jambo moja: wachukue na koleo.