Boxer

Boxer ni albamu ya nne ya The National, bendi ya roki ya kujitegemea iliyoundwa Brooklyn, New York, na watu waliotoka Cincinnati katika jimbo la Ohio, Marekani. Ilitolewa Mei 2007 na kampuni ya Beggars Banquet, nayo ina nyimbo 12. Jaladani mna picha ya bendi ikitumbuiza katika arusi ya Peter Katis, aliyeshiriki kuitayarisha albamu hiyo.

Tabia makhsusi ya albamu hii yatokana na uimbaji wa Matt Berninger, mwenye sauti nzito ya chini ambayo ni nadra kupaazwa, pamoja na ngoma za Bryan Devendorf, ambazo kwa kasi na msukumo wake huizuia huzuni isilale. Maudhui yake si msiba wala mahaba yaliyovunjika tu, bali ni ile simanzi isiyo na sababu dhahiri inayowapata watu wa mjini waingiapo utu uzima, kati ya ofisi, karamu na ndoa. Na kwa kuwa mashairi yake hudokeza pasipo kufafanua, msikilizaji hupata nafasi ya kutia hali yake mwenyewe, jambo ambalo huenda ndilo asili ya mapenzi ya wasikilizaji wake, ambayo aghalabu huja taratibu.

Wimbo wa kwanza, "Fake Empire", ambao piano yake hupishanisha mapigo manne na matatu, unahusu watu wanaoyakimbia mambo mazito ya nchi yao. Hata hivyo, na ni ajabu kidogo, muziki wake bila maneno ulitumiwa mwaka 2008 katika filamu ya kampeni ya Barack Obama.